Pesa za filamu ya harusi Unguja zinaishia angani

Skuhizi msimu wa harusi ukifika, Rajabu na Shaabani kabla ya Ramadhani, alafu tena Mfunguo Mosi watu wakishakula sikukuu, ukifungua simu trela za harusi za hapa kwetu zinafanana zote. Droni inatoka baharini inapanda juu ya mabati ya Mji Mkongwe, bwana harusi anafunga saa polepole, viatu, chupa ya mafuta mazuri, gari jeupe, bi harusi kwa mgongo anatembea ufukweni Kendwa shela linapepea, piano ya kizungu inapanda inapanda, majina mawili kwa herufi za dhahabu, kwisha. Dakika tatu. Ni nzuri, sisemi uongo, rangi safi na lenzi za bei mbaya. Lakini ukiniuliza hii harusi ya nani, ya mtu wa Mkunazini au ya watalii waliofikia hotelini Paje, mie sijui, na nnavyoona hata aliyeediti hajui.

Sina tatizo na familia kutumia pesa nyingi, pesa yao. Tatizo langu ni kwamba wananunua muundo ulioshonwa kwa harusi ya namna nyengine kabisa, alafu harusi yetu inakatwakatwa mpaka ienee humo ndani. Pesa inakwenda kwenye vitu ambavyo harusi yetu haina, na ile sehemu ambayo ndo harusi yenyewe inapita bila hata maiki moja.

Tizama muundo wenyewe. Filamu ya harusi ya kizungu inategemea bwana na bibi wako pamoja siku nzima. Wanaonana mara ya kwanza mbele ya kamera, wanasomeana ahadi mbele ya kamera, wanakata keki, wanacheza, hotuba za meza kuu. Kila tukio lina watu wawili kwenye fremu moja na mpiga picha anaruhusiwa kusimama popote. Sasa yetu: bwana harusi yuko msikitini baada ya Alasiri au Isha, kanzu na joho na kilemba, amezungukwa na wanaume watupu. Bi harusi yuko kwao ndani, ametiwa hina na piko nyeusi, ameshasingwa, amekaa na somo wake anayemfunda. Shehe anakwenda kumuomba idhini yake, mara nyengine kupitia mlangoni tu, alafu ndoa inafungwa yeye hayupo, anayeshikana mkono na bwana harusi ni walii, yaani baba au msimamizi wa bi harusi, au aliyepewa uwakala na walii huyo. Ndo kisha dufu au beni, watu barabarani, bwana harusi anapelekwa kwa mkewe, na mlangoni amekutana na mashangazi wamejipanga wanataka kifungua mlango, hawatoki mpaka pesa itoke, vigelegele, matusi ya mzaha, yule maskini kijasho kinamtoka. Akiingia anampa mkono mkewe, anamuwekea kiganja kwenye paji la uso, anaomba dua.

Jamani, hiyo ni sinema tayari. Watu wawili, nyumba mbili, hawajaonana kutwa nzima, na kila dakika inawasogeza kwenye mlango mmoja. Kuonesha huku na huku kwa zamu mpaka pande mbili zikutane ni mbinu ambayo watu wa filamu wanaitumia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1900, Griffith kule Marekani alijijengea jina nayo. Sie tumepewa bure na mila zetu, alafu tunaitupa tunakwenda kupiga picha viatu.

Badala yake inabuniwa siku ya ziada, maharusi wanachukuliwa wanapelekwa ufukweni, "mtizame machoni, cheka, usicheke sana, tembea tena, rudi tena". Kuna atakayeniambia kupozi si jambo geni hapa, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio pale mjini tangu 1930 na familia chungu nzima zimekaa mbele ya kamera yake. Kweli kabisa. Ila ile picha ya studio haikujifanya kuwa ndo harusi, ilikuwa picha ya kutundika ukutani, kila mtu anajua. Trela ya leo inachukua saa mbili za ufukweni inazifanya ndo hadithi yote, na ule usiku wa kweli unapewa sekunde kumi katikati.

Kwanza hata huo mwanga wa jioni tunaoukimbilia si wetu. Vidio zote za YouTube za kufundisha zinakwambia subiri jua linapokaribia kuzama, mwanga wa dhahabu, hapo ndo utapata sinema. Kule Uingereza mwezi wa sita huo mwanga unakaa muda mrefu kwa sababu jua linashuka kwa mshazari. Sie tuko nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, jua linadondoka karibu wima, mwaka mzima linazama saa 12 na dakika zake, na likizama tu Maghrib hiyo inaadhiniwa. Kwa hiyo mpiga video amepanga dakika zake arobaini za dhahabu, amefunga gimbali ya kutuliza kamera, amerusha droni, na bwana harusi anatizama saa yake kwa sababu anataka kusali. Atashinda nani hapo? Na uzuri ni kwamba nyumba za zamani za mjini zina mwanga ambao Kendwa haina, ule unaoshuka kutoka juu ya ua unagonga kuta za chokaa unarudi laini mpaka vibarazani, saa nne asubuhi tu unafanya kazi. Weka chetezo cha udi mbele ya dirisha, kamera upande wa pili, moshi ule hauhitaji preseti yoyote.

Na nikishataja preseti ngoja niseme na hili. Zile rangi za kununua, kivuli cha kijani-bluu na ngozi ya machungwa, zimetengenezwa na watu wasiojua hina. Hina ikishapitishwa humo inatoka kama udongo, piko inaingia bluu, dhahabu ya mama mzima inaonekana shaba. Edita anayejua kazi angeanza na mkono wa bi harusi, auweke sawa kwanza, alafu ndo ahangaike na bahari.

Jengine dogo la kiufundi lakini linaharibu kazi za mamilioni: taa. Umeme wetu ni wa 50Hz, taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni lakini kamera inaona. Mtu amejifunza kwa Mmarekani, kule ni 60Hz, anaweka fremu 60 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, ya 1/120 ili apate slomo, picha ya kwenda polepole, anaingia ukumbini kumejaa taa za LED za rangi, alafu akifika nyumbani picha nzima ina michirizi inayopanda na kushuka. Mradi ukiwa fremu 25, slomo piga kwa 50 na shata 1/100, tatizo kubwa litaisha. Hili halihitaji bajeti, linahitaji mtu asome.

Sasa twende kwenye sauti, hapa ndo roho inaniuma khasa. Kamera ya Sony FX3 ilipotoka 2021 ilikuwa dola 3,899, bodi tupu bila lenzi, na utakuta timu inazo mbili. Maiki zisizo na waya za DJI Mic zilipotoka 2022 seti yenye maiki mbili ilikuwa dola 329. Timu ina kamera mbili za bei ile na maiki haina, au inayo moja iko kwenye begi betri imekwisha. Matokeo yake ile kauli ya bwana harusi ya kuikubali ndoa, sentensi moja tu katika maisha yake yote, imechukuliwa na maiki ya kamera iliyoko mita sita nyuma ya watu wanaokohoa. Alafu edita anaizima kabisa anaweka piano.

Harusi yetu ni ya kusikilizwa kabla haijawa ya kutizamwa. Khutba ya ndoa, shehe anavyomuongoza bwana harusi neno kwa neno na yeye anakosea anarudia watu wanacheka, dufu linavyosikika kwa mbali kabla halijatokea kwenye kona ya kichochoro, sauti ya walii inayotetemeka kidogo akitamka jina la mwanawe. Hayo yote hayana shida kurekodi. Maiki ndogo kwenye ukingo wa joho, rekoda nyengine imechomekwa kwenye mikisa, ile mashine ya sauti ya msikiti, kwa idhini ya wenyewe, basi. Vigelegele ndo vina shida, vinapasua sauti, lakini rekoda za biti 32 zipo siku nyingi sasa, hata kigelegele cha bibi wa Jang'ombe hakiwezi kuziharibu. Tatizo ni kwamba sauti haioneshwi kwenye picha ya kutangazia kazi. Mpiga video akipiga picha na droni yake mkononi anapata wateja, akipiga picha na waya wa mikisa nani atamfata?

Na hiyo droni yenyewe. Sisemi haina kazi, 2016 visiwa hivi vilianza kupigwa ramani kwa droni na wanafunzi wa chuo kikuu cha SUZA walishiriki, ile ilikuwa kazi ya maana. Lakini kwenye harusi inakuonesha mabati na bahari, vitu ambavyo vipo hata siku isiyo na harusi. Inataka vibali, mamlaka ya usafiri wa anga ina kanuni zake tangu 2018, na uwanja wa Abeid Amani Karume uko kilomita chache tu kutoka mjini, kwa hiyo anayekwambia "mie narusha tu" anakutia kwenye matatizo usiyoyajua. Ukijumlisha mashine, rubani na kuhangaikia ruhusa unapata pesa ya kumlipa mtu wa sauti na msaidizi wake, na bado chenji inabaki.

Pesa nyengine inapotea kwenye muziki, au tuseme haipotei kwa sababu watu hawalipi, wanaiba. Nyimbo ya msanii mkubwa wa nje inawekwa, Instagram inaikata sauti, trela ya mamilioni inabaki bubu. Hapa kwetu COSOZA ipo kwa ajili ya haki za wasanii, na mjini kuna chuo cha muziki cha DCMA tangu 2002 kinachotoa vijana wanaopiga ganuni, udi, fidla na dumbaki. Mtu mwenye bajeti kubwa kwa nini asiwalipe watu wanne wakae nusu siku wamtungie muziki wa filamu yake, wa kwake peke yake, hauna mtu wa kuuzima? Itamgharimu zaidi ya ada ya nyimbo za kukodi lakini pesa yake inabaki hapa hapa Unguja na filamu inakuwa na harufu ya kwao. Nashangaa hili halijawa fasheni.

Sasa sehemu ambayo wengi hawataki kuiandika. Nusu ya harusi yetu, kwa kweli zaidi ya nusu, ni ya wanawake, na wanawake hao hawataki kuonekana na wewe. Usiku wa kupamba, hina, taarab ya ukumbini, watu wanakwenda kutuza na noti mkononi, magauni ambayo yameshonwa miezi, sare za upande huu na upande ule, nywele wazi. Mlangoni simu zinachukuliwa au zinabandikwa stika kwenye kamera. Hapo muundo wa trela unagonga ukuta, kwa sababu trela inaishi kwa kuoneshwa. Kwa hiyo wanachofanya ni kuiruka. Ukitizama trela za harusi za hapa utadhani wanawake wa Zanzibar hawahudhurii harusi, kuna bibi mmoja tu kwa mgongo na bahari.

Wapo wanaosema ndo basi, dini na mila zinazuia sinema isikue. Mie naona kinyume. Anayezuiliwa hapo ni mtu wa kutangaza kazi, sinema haijazuiliwa na chochote. Filamu inaweza kuwa ya bei kubwa, ikapigwa vizuri kuliko zote, na ikatizamwa na watu thelathini tu maisha yake yote, sebuleni, mapazia yamefungwa. Aliyelipa ndo hao thelathini. Kwa hiyo bajeti ya maana inatoa kazi mbili tangu mwanzo: moja ya ndani, ndefu, ya kina mama, na moja ya nje iliyojengwa kwa upande wa wanaume, mikono, sauti, mlango unaofungwa. Ule mlango ukifungwa mbele ya kamera na vigelegele vikasikika ndani, mtizamaji wa nje atapata kila kitu isipokuwa sura, na mie nitakaa kuitizama hiyo kabla sijatizama viatu vyengine.

Tena watu wamesahau kwamba mkanda wa harusi hapa ulikuwa na kazi. Enzi za VHS, ile kaseti ya E-180 ilichukua dakika 180 na zote zilijaa, kamera inapita meza hadi meza, kila shangazi anatizama lenzi kimya kama yuko kwa hakimu. Ilikuwa inachosha, ndiyo. Lakini mkanda ule ulifungwa ukapelekwa Maskati, Dubai, London, na huko jamaa walikaa wakahesabu nani alikuja, nani kanenepa, mtoto wa fulani kawa mkubwa, bibi bado mzima. Familia ambayo imetawanyika toka Mapinduzi ya 1964 ilikuwa inajumlishwa sebuleni kwa masaa matatu. Hailaiti ya dakika nne imeua kazi hiyo bila kuweka nyengine, ndo maana filamu ikishatoka simu za kwanza ni za malalamiko, "mbona mie simo?" Na mama wa bi harusi, ambaye kusema kweli ndo produsa hata kama hajijui, anakaa kuomba msamaha kwa watu aliowapikia biriani.

Pemba naona wamehifadhi zaidi. Huko harusi nyengine zinasubiri karafuu zianikwe na kuuzwa kwanza, pesa ndo inapatikana, na timu inayovuka kutoka Unguja na mabegi yake ya droni inakuta mji wa Wete au Konde hauna haraka na wao, wazee wanauliza huyu anaingia wapi na kamera hiyo. Wapiga video wanalalamika. Mie nasema swali la wazee ndo swali sahihi na Unguja tumeacha kuliuliza mapema mno.

Maana ukweli ni huu: kina dada wanaopiga video wapo, na familia nyingi zinawataka kwa ajili ya usiku wa kupamba. Lakini fatilia ile memori kadi inakwenda wapi baada ya hapo. Kamera ya 4K kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde inakula kama GB 45 kwa saa, kamera tatu kwa masaa sita unapita GB 800, haikai kwenye laptop ya yule dada. Inakwenda ofisini, kwenye mashine kubwa, na kwenye mashine kubwa mara nyingi amekaa kijana wa kiume anaediti, au inapandishwa kwenye mtandao inatumwa kwa edita wa nchi nyengine. Kwa hiyo simu mia mbili zilichukuliwa mlangoni, na nywele za ukumbi mzima ziko kwenye skrini ya inchi 27 mbele ya mwanamme ambaye hakualikwa. Hakuna aliyedanganya, ila hakuna aliyeulizwa pia.

Hapa ndo bajeti kubwa ingekuwa na maana yake. Edita mwanamke, mashine yake mwenyewe isiyounganishwa na intaneti, diski mbili za kuhifadhia, zote zinakabidhiwa familia kazi ikisha na kadi zinafutwa mbele yao, kwa maandishi, na faini ikiandikwa humo humo. Hiyo ni gharama, edita wa hivyo hawajawa wengi na watataka bei yao, na wanastahili. Tuseme familia imeweka milioni 10, mie ningetoa tatu kwa edita na ulinzi wa picha, mbili kwa sauti, moja na nusu kwa wale wapiga ganuni, kinachobaki ndo tuzungumze kamera ngapi. Mpiga video atasema haiwezekani, pakeji yake inaanza na kamera. Basi muulize jina la atakayekaa kwenye kompyuta. Akikujibu "tuna kijana wetu mmoja hivi, mzuri sana huyo", mshukuru, mpe juisi yake, alafu piga simu kwa mwengine kabla hujatoa adivansi.